Namna ya Kuandika Wasifu wa Bibi Utakaosomwa Mazishini

Kwenye msiba wa bibi kazi hugawanywa upesi. Kuna wa turubai na viti, wa jeneza, wa jikoni, wa daftari la rambirambi. Wasifu humwangukia mjukuu "aliyesoma", tena mara nyingi usiku wa kuamkia mazishi. Naye huchukua wasifu wa msiba uliopita, akabadilisha majina na tarehe, akaupeleka steshenari asubuhi. Waombolezaji wakaambiwa kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu na nguzo ya familia. Maneno hayo angeweza kupewa bibi yeyote wa kata nzima, ndiyo maana hakuna anayeyakumbuka chakula kinapopakuliwa.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9, Dorkasi wa Yafa anapofariki na Petro kuitwa, wajane hawamwelezi kuwa marehemu alikuwa na moyo wa huruma. Wanasimama wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Kazi ya mwandishi wa wasifu ni hiyo hiyo: kutafuta nguo alizoshona bibi na kuzileta mbele za watu. Maelezo haya yanafuata utaratibu wa misiba ya Kikristo ya Tanzania Bara, ambako wasifu (wengine huuita historia fupi ya marehemu) husomwa nyumbani kabla ya kuaga mwili, kanisani, au makaburini. Msiba wa Kiislamu una taratibu zake, nao umetajwa kuelekea mwisho.

Hesabu muda kwanza

Tuseme bibi amefariki Jumatatu na mazishi ni Alhamisi. Jumatatu jioni na Jumanne yote ni za kukusanya. Jumanne usiku unaandika. Jumatano asubuhi wazee wawili wanasikiliza na kusahihisha, na kabla ya saa nane mchana faili liko steshenari. Ukilipeleka saa kumi na mbili jioni utakuta umeme umekatika au wino wa rangi umekwisha, na hakuna muda wa kwenda mji wa pili.

Jambo la kwanza kabisa, kabla hujaandika hata mstari: chukua simu ya bibi na uiweke mahali salama. Picha, sauti za WhatsApp na majina aliyohifadhi yanapotea siku hizo hizo, kwa sababu simu hupewa mjukuu aitumie au laini huondolewa. Nakili vitu vyote kwenye flashi na kwenye simu nyingine.

Pili, tafuta Biblia yake, kitabu chake cha nyimbo, na ule mfuko wa plastiki au sanduku la bati analowekea karatasi. Wazee wengi waliandika tarehe za kuzaliwa watoto kwenye kurasa tupu za mwanzo wa Biblia. Humo utakuta pia kadi ya ubatizo, kadi ya kliniki, stakabadhi za michango, bahasha ya ahadi yenye namba yake. Usivitoe na kuvipanga upya. Piga picha kila ukurasa ulipo alama, kalamu au karatasi iliyokunjwa. Mstari aliopigia kalamu mara mbili una maana kuliko mstari utakaochaguliwa na kamati.

Tarehe: hapa ndipo wasifu nyingi huharibika

Bibi aliyezaliwa miaka ya 1930 au 1940 kijijini hana cheti cha kuzaliwa cha wakati ule. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho mara nyingi ilikadiriwa siku ya kuandikishwa; ukiona 1 Januari, ishuku. Usiitupe, lakini usiisome kama ushahidi.

Njia ya wazee ni kupima kwa matukio. Waulize ndugu zake waliobaki, au wa rika lake: alikuwa ananyonya, anatambaa, anachunga mbuzi, amevunja ungo, ameolewa, ana mtoto mgongoni? Kisha ufunge jibu kwenye tukio lenye mwaka unaojulikana. Vita vya Hitla, kama wanavyoviita wengi, ni 1939 hadi 1945. Mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea ulianza 1947 na kufa 1951. TANU ilianzishwa 7 Julai 1954. Uhuru wa Tanganyika ni 9 Desemba 1961, Muungano ni 26 Aprili 1964, Azimio la Arusha ni 1967. Watu kuhamishiwa vijijini kulipamba moto mwaka 1974. Vita vya Kagera vilianza 1978 na kwisha 1979. Waziri Mkuu Sokoine alifariki 12 Aprili 1984, Mwalimu Nyerere 14 Oktoba 1999. Kwa nyanya wa Kenya, vigingi ni Hali ya Hatari iliyotangazwa 20 Oktoba 1952, Uhuru wa 12 Desemba 1963, kifo cha Mzee Kenyatta 22 Agosti 1978, na jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982.

Mzee akisema, "Siku ya Uhuru dada alikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni, hajaota meno," umepata kwamba mtoto huyo alizaliwa katikati ya 1961 au baada yake kidogo. Sasa fanya hesabu ya kutoa. Kitambulisho kikisema bibi alizaliwa 1950, alizaa akiwa na miaka 11. Hapo kitambulisho kimekosea, na mwaka wa kweli huenda uko karibu na 1942. Hesabu hii ya umri wa mama kwa mtoto wa kwanza inachukua dakika moja, na ndiyo inayookoa aibu, kwa maana kwenye kila msiba kuna mwalimu mstaafu atakayeifanya akiwa kwenye kiti.

Tarehe ikibaki ya kukadiria, iandike hivyo: "Alizaliwa kati ya mwaka 1940 na 1942". Hakuna anayecheka. Kinachochekesha ni "14 Machi 1941" iliyotungwa, halafu kitabu cha kanisa kikaonyesha kingine.

Kitabu cha ubatizo

Mtume mtu mmoja ofisini, parokiani au usharikani, si kwa simu. Aende na majina yote ya bibi: la ubatizo, la nyumbani, la baba yake, na jina alilojulikana nalo kabla ya kuolewa. Wengi hukosa kumwona kitabuni kwa sababu wanatafuta jina la mume.

Kwa Wakatoliki, kitabu cha ubatizo ni hazina. Mbali na tarehe ya ubatizo, kinabeba majina ya wazazi na wasimamizi, na pembeni huongezwa kipaimara na ndoa. Mstari mmoja unaweza kukupa robo ya wasifu. Vitabu vya zamani vina maneno ya Kilatini. *Nata* ni alizaliwa, *baptizata* alibatizwa, na *circa* kabla ya mwaka ina maana hata padri alikadiria. Zingatia pia kwamba parokia huzaa parokia. Kanisa alilosali miaka 30 iliyopita linaweza kuwa lilikuwa kigango (kanisa dogo chini ya parokia) wakati anabatizwa, na kitabu chake kimebaki parokia mama. Kwa Walutheri na Waanglikana uliza vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa kimoja kimoja, na umtafute mwinjilisti au mzee wa kanisa wa zamani wa mtaa wake.

Kuhusu ndoa, andika zote mbili kama zilikuwa mbili. Wengi walioana kimila, mahari ikatolewa, na ndoa ikabarikiwa kanisani baada ya watoto watatu au wanne. Wasifu ukitaja ndoa ya kanisani pekee, watoto wakubwa wanaonekana kama walizaliwa kabla ya ndoa, na wao wamekaa mstari wa mbele.

Kutafuta imani na wema wake

Usiulize, "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo huzaa majibu yale yale: mpole, mcheshi, mwenye upendo. Uliza vitu vinavyoweza kuonekana kwa macho. Aliamka saa ngapi, akafanya nini kabla ya kuongea na mtu? Alisali akiwa wapi, amekaa au amepiga magoti, kwa lugha gani? Aliwaombea watu kwa majina? Wa kwanza kutajwa alikuwa nani? Ni wimbo gani aliuanzisha bila kitabu? Akipita mgeni wakati wa chakula ilikuwaje? Ni kitu gani hakikukosekana nyuma ya mlango wake? Alikasirishwa na nini? Hili la mwisho usiliache. Bibi asiyekasirika kamwe hasadikiki, na mara nyingi kilichomkasirisha ndicho kinachoonyesha alichokithamini.

Watu wa kuwauliza si wanawe peke yao. Watoto wake wakubwa wanaishi mjini tangu 1985 na wanamkumbuka wa zamani. Mtafute mjukuu aliyelala naye chumba kimoja, maana huyo amesikia sala za usiku. Mtafute binti wa kazi, mwenye duka aliyemwandika kwenye daftari la mkopo, jirani wa kisima kimoja, mwenyekiti wa jumuiya, na mwenzake wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) au wa umoja wa wanawake wa kanisa lake. Mwenye duka anaweza kukuambia kwamba nusu ya sukari aliyokopa haikuwa ya nyumbani kwake. Hilo wanawe hawalijui.

Kila habari ipatie watu wawili. Mmoja akisema bibi alilea yatima saba na mwingine anataja wanne, orodhesha majina. Utakuta ni watano, na wawili walikuja likizo tu.

Ukishakusanya, chagua mambo mawili au matatu, si kumi na mawili. Moja la imani, moja la wema, moja la tabia yake ya kila siku, basi. Mwandishi mpya hapa hushindwa: anaona uchungu kuacha, anaweka yote kwa sentensi moja moja, na matokeo yake yanafanana na orodha ya vyeo. Tazama tofauti.

Aya ya kawaida: "Marehemu alikuwa mcha Mungu aliyependa sala. Pia alikuwa mkarimu na aliwasaidia wahitaji wengi bila kujali dini wala kabila."

Aya yenye nguo za Dorkasi: "Bibi aliamka saa kumi na moja alfajiri, akasali kwa sauti ya chini amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Aliwataja wanawe kwa mfuatano wa kuzaliwa, kisha wajukuu, na mwenye mtihani alitajwa pamoja na somo lake. Jumamosi jioni alipima unga kibaba kimoja, akaufunga kwenye mfuko na kuuweka nyuma ya mlango. Jumapili aliondoka nao kwenda ibadani, akarudi mikono mitupu. Hatukuambiwa unga huo ulikwenda kwa nani, nasi hatukuuliza."

Aya ya pili haina neno "mkarimu" wala "mcha Mungu", na haihitaji. Ina saa, kipimo, mahali. Pia imemficha aliyepewa unga, kwa sababu huenda amekaa chini ya turubai lile lile. Msaada aliotoa bibi kwa siri usiutangaze kwa jina la mpokeaji mpaka mwenyewe akuruhusu. Kumsifu bibi kwa kumvua jirani nguo hadharani ni kosa ambalo yeye asingelifanya.

Kama bibi alikuwa na usemi wake, uandike kama alivyousema, kwa kilugha ikiwa alikisema kwa kilugha, na maana ya Kiswahili ifuate. Uhakikishe kwa mtu anayekijua vizuri, maana irabu moja iliyokosewa inaweza kugeuza sala kuwa kichekesho.

Neno la Biblia nalo lichaguliwe kwa sababu. Mithali 31 imesomwa kwenye misiba mingi mno ya akina mama. Kwa bibi, 2 Timotheo 1:5 iko karibu zaidi, maana ndipo Paulo anapomtaja Loisi, bibi yake Timotheo, kama mtu ambaye imani ilikaa kwake kabla ya kufika kwa mjukuu. Lakini kama Biblia yake ina mstari uliopigiwa kalamu, huo unashinda yote. Nakili kutoka tafsiri aliyoisoma yeye. Union Version na Habari Njema zinatofautiana maneno, na wazee watasikia.

Watoto, wajukuu, vitukuu

Chora jedwali. Safu ya kwanza majina ya watoto wote aliowazaa kwa mfuatano, pamoja na waliotangulia mbele za haki. Safu ya pili idadi ya wajukuu kwa kila mtoto, ya tatu vitukuu, ya nne vilembwe. Kila mtoto, au mwakilishi wa nyumba yake, ajaze mstari wake mwenyewe na aweke sahihi au athibitishe kwa ujumbe. Kisha jumlisha. Takwimu ya kukisia ya "wajukuu zaidi ya 40" huzua swali usiku kucha: zaidi ya 40 ni wangapi, na nani kaachwa?

Mgogoro hauko kwenye hesabu, uko kwenye nani anahesabiwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, watoto wa mke mwenza, waliolelewa tangu wakiwa wachanga. Usiamue peke yako na usiamue kwenye kundi la WhatsApp. Mpelekee mwenyekiti wa ukoo au mjomba mwenye sauti, Jumanne, na upate jibu moja. Maneno yanayotuliza ni haya: "Alijaliwa kuzaa watoto tisa, ambao sita wako hai. Pia aliwalea kama wanawe..." halafu majina. Waliofariki watajwe kwa majina, hata aliyefariki mchanga. Bibi aliwahesabu siku zote.

Mali, mashamba, wasia na madeni visiingie kwenye wasifu. Hata sentensi ya sifa kama "aliacha nyumba yake kwa mwanawe wa mwisho" ni bomu. Jambo hilo lina kikao chake. Ugonjwa utajwe kwa sentensi moja au mbili, kwa maneno ambayo familia imekubali, na si lazima jina lake. Shukrani kwa wauguzi na waliomtunza zinatosha, ila hakikisha anayetajwa ndiye kweli aliyemwogesha na kumlisha. Mkamwana aliyefanya kazi hiyo miaka mitatu akisahauliwa, na mwana aliyetuma fedha mara mbili akasifiwa, wasifu wote umeharibika.

Urefu na uandishi

Usomaji wa utulivu kwenye kipaza sauti cha uwanjani ni kama maneno 100 kwa dakika. Dakika sita hadi saba zinatosha, kwa hiyo lenga maneno 600 hadi 700. Muulize mshereheshaji muda aliokupa, kisha uandike pungufu kwa dakika moja, kwani kilio huingia katikati.

Mpangilio unaofanya kazi: kuzaliwa na wazazi kwa aya moja fupi, ubatizo na malezi, ndoa na watoto, kazi ya mikono yake, kisha zile aya mbili au tatu ulizozichagua, ambazo ndizo zipewe nusu nzima ya nafasi. Ugonjwa na kifo, mstari wa Biblia, mwisho. Elimu na vyeo kama vipo viandikwe, lakini bibi wengi hawakuwa navyo, na hakuna haja ya kumpamba kwa "mjasiriamali" wakati aliuza maandazi. Maandazi yanatosha.

Neno "marehemu" litumie mwanzoni na mwishoni. Katikati mwite Bibi, au jina ambalo watu walimwita, hata kama ni Mama Fulani. Likirudiwa kila sentensi, "marehemu" humgeuza kuwa jalada la ofisi. "Bwana alitoa na Bwana ametwaa" iweke mwisho kabisa na unyamaze hapo, maana waombolezaji watajibu wenyewe, wengine "libarikiwe", wengine "lihimidiwe". Ukiisoma yote hadi mwisho unawanyang'anya zamu yao.

Picha na kijitabu

Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5, kwa hiyo kijitabu lazima kiwe na kurasa 4, 8, 12 au 16. Ukipeleka kurasa 10, fundi ataacha mbili tupu au atabana maandishi. Kurasa 8 zinatosha msiba mwingi: jalada na picha, ratiba, wasifu kurasa tatu, nyimbo mbili, shukrani. Maandishi yasipungue ukubwa wa 12, kwa kuwa wasomaji wake wengi ni wa rika la bibi. Nakala moja kwa watu wawili au watatu inatosha, na nakala kumi ziwekwe kando kabla ya kugawa. Zisipowekwa, familia yenyewe hubaki bila.

Picha ya zamani isitolewe kwenye fremu kwa nguvu kama imegandana na kioo. Karatasi huchanika na uso hubaki kwenye kioo. Ipige hapo hapo karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, bila mwanga wa simu, umesimama pembeni kidogo ili usijipige mwenyewe kwenye kioo. Kama ni picha ndogo ya pasipoti na una skana, weka nukta 600 kwa inchi. Picha ya milimita 35 kwa 45 itakupa uchapaji safi wa sentimita 7 kwa 9 hivi. Usiitanue kujaza ukurasa mzima. Na ukiituma steshenari kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha, kwani ikitumwa kama picha hupunguzwa na kutoka na ukungu. Wengi hulaumu mashine ya duka, kumbe picha ilikufa njiani.

Kabla ya kuchapa nakala zote, chapa moja. Ipe watu wawili: mmoja asome majina tu, mwingine tarehe tu. Anayesoma kila kitu haoni kosa lolote.

Kusoma

Msomaji si lazima awe mwandishi, wala mtoto mkubwa. Chagua mjukuu mwenye sauti na anayeweza kumaliza, na nyuma yake asimame wa pili mwenye nakala yake, amefuatilia mstari kwa mstari. Wa kwanza akishindwa, wa pili anaendelea palepale bila kutafuta.

Nakala ya msomaji ichapwe kwa herufi za 16, upande mmoja tu, kurasa zenye namba, na sentensi isikatwe kati ya kurasa mbili. Kila karatasi iweke kwenye mfuko wake wa plastiki: upepo wa makaburini huchukua karatasi, na mvua huyeyusha wino. Kipaza sauti kikae mbali na mdomo kwa upana wa ngumi. Jenereta likizima, usipige kelele. Subiri, au wasogeze watu karibu. Ufanye zoezi mara mbili usiku, kwa sauti, na saa mkononi. Utajua ni jina la nani litakukaba, na hapo utaweka alama ya kupumua.

Kanisani uliza mapema. Kwa utaratibu wa Kikatoliki mahubiri ya mazishi si mahali pa wasifu. Maneno ya familia huwekwa baada ya komunyo, kabla ya buriani ya mwisho, na paroko wengi huomba yasomwe nyumbani kabla ya kuja kanisani. Mchungaji pia ana nafasi yake. Usiende madhabahuni ukitumaini mshereheshaji amepanga.

Bibi akiwa Mwislamu

Maziko hufanywa haraka, mara nyingi siku ile ile, na wasifu wa kusomwa kaburini si desturi. Linalotangulia hapo ni deni. Mtu wa familia husimama na kuomba mwenye kumdai ajitokeze, na hilo lifanywe kwa jina kamili la marehemu na la baba yake. Kumbukumbu za maisha yake hupata nafasi kwenye kisomo au hitima, kwa wanaoifanya, tena kwa ufupi. Taratibu za kutafuta habari ni zile zile, isipokuwa badala ya kitabu cha ubatizo utamtafuta mwalimu wa chuo (madrasa) alichosoma, wanafunzi wake kama alifundisha watoto alifu na bee, na wanawake aliosoma nao maulidi. Nguo za Dorkasi kwake zinaweza kuwa kisima, msahafu alioutoa msikitini, au futari aliyoipeleka kwa jirani kila Ramadhani katika bakuli lile lile. Familia ikitaka kumfanyia sadaka ya kuendelea, ni bora ifuate alichokuwa akikitoa mwenyewe. Na kama aliacha wasia wa sadaka, usizidi theluthi ya mali yake.

Baada ya mazishi

Ndani ya wiki ile, kabla watu hawajaondoka, kaa na wazee ukiwa na simu ya kurekodi. Sehemu kubwa ya uliyoyapata haikuingia kwenye maneno 700, na iliyobaki ni ya thamani zaidi. Rekodi mzee mmoja kwa wakati mmoja, chumba chenye mapazia au magodoro ili sauti isirudi, simu juu ya kitambaa, si kwenye meza tupu. Mwanzoni taja tarehe na anayeongea ni nani wa bibi. Baada ya miaka 20 sauti bila jina ni kelele.

Kaburi lisijengewe mara moja. Udongo mpya hushuka, na zege lililomwagwa juu yake hupasuka au kuinama. Acha mvua za msimu mmoja zipite. Wengi hulingoja hadi kumbukumbu ya mwaka. Maandishi ya jiwe yatoke kwenye wasifu uliosahihishwa, si kwenye kichwa cha mtu. Jina la ubatizo, jina la ukoo, alizaliwa, alifariki, na mstari mmoja aliopigia kalamu. Mwaka wa kukadiria uandikwe bila siku na mwezi. Mpe fundi wa marumaru karatasi iliyochapwa, si ujumbe wa simu wala maelezo ya mdomo, na mtu mmoja wa familia aende kuyasoma yakiwa bado yamechorwa kwa chaki, herufi kwa herufi, kabla patasi haijagusa jiwe.